Kikombe kiache, anza na macho: jibu kwa dada wa Umoja ambaye sini yake "inaruka"

Habari dada. Wacha nirudie swali lako kwa ufupi ndo wengine wakisoma waelewe. Umeshuti filamu fupi ya dakika 9 hapo mtaa wa Umoja, Nairobi, na simu mbili, sini kubwa, yaani tukio lenyewe, ni mama na kijana wake wamekaa mezani na chai, kijana anaomba nauli aende Mombasa kutafuta kazi. Kila mtu ukimwonyesha anasema inaruka, shemeji yako akauliza kabisa "kwani huyu kijana anaongea na nani?", na wewe umekesha siku 3 ukipigana na kikombe cha chai juu kwa shoti moja, yaani kipande kimoja cha kamera, kimejaa na kwa ingine kiko nusu. Unataka kujua kama utarudia sini yote ama kuna kitu inaweza fanyika kwa kuediti.

Nimeiangalia hio klipu mara 4, mbili nikiwa nimezima sauti na mbili nikiwa nimefunga macho, na nitakuambia kwa nini nilifunga macho. Jibu ni usirudie sini yote. Na kikombe si shida yako, ama niseme kikombe ni shida mahali pamoja tu, tutafika hapo.

Shemeji yako ndiye amekupa jibu na hakujua. Hakusema kikombe, aliuliza kijana anaongea na nani. Mtazamaji hajui jina la kosa, hio ni kazi yetu, lakini akikuambia penye anasikia uchungu mwamini kabisa. Watu hudhani kontinuiti ni kila kitu kifanane, kikombe, kola ya shati, nywele, na hivyo vitu vina maana sawa, lakini kazi yenyewe ya kontinuiti ni mtazamaji ajue kila sekunde nani ako wapi na anaangalia nini. Akijua hivyo viwili atakusamehe vikombe 10. Asipojua, hata ukipanga meza na rula atasema tu inaruka.

Sasa meza yako. Chukua karatasi uchore meza kutoka juu, mama upande mmoja, kijana upande wa pili, halafu piga mstari kutoka pua ya mama mpaka pua ya kijana, uvuke mpaka ukutani pande zote mbili. Huo mstari ndo tunaita laini. Shoti yako ya mbali uliichukua ukiwa upande wa jikoni, mama ako kushoto wa skrini anaangalia kulia, kijana ako kulia anaangalia kushoto, poa kabisa, tumeelewa wameketi wakiangaliana. Klosapu ya kijana, yaani ile picha ya karibu, ukabaki upande wa jikoni, bado anaangalia kushoto, poa. Halafu ukafika klosapu ya mama, nyumba ni ndogo, jikoni hakuna nafasi, ukahama ukaenda kusimama dirishani. Hapo ulivuka laini. Kutoka dirishani mama sasa anaangalia kushoto pia. Kwa hivyo kwa skrini wote wawili wanaangalia kushoto kama abiria wawili wa matatu, mmoja siti ya mbele mwingine siti ya nyuma, na ubongo wa shemeji ukafanya hesabu yake ukasema hawa hawaangaliani, basi kuna mtu wa tatu ako huko kushoto, ni nani? Si ujinga wake, skrini ni bapa, haina kulia na kushoto ingine isipokuwa ile unampa wewe.

Hii inarekebishika na ni rahisi kuliko unavyofikiria. Geuza klosapu ya mama iwe kama kwa kioo, kila programu ya kuediti iko na hio kitu hata za simu. Mama ataangalia kulia na sini itapumua papo hapo. Lakini ukigeuza picha unageuza kila kitu ndani yake, kwa hivyo kagua kwanza. Nyuma ya mama kuna kalenda ya hadwea yenye maandishi makubwa, ikigeuka itasomeka kinyumenyume na Mkenya yeyote ataiona. Bahati yako umeshuti 4K, yaani 3840 kwa 2160, na taimulaini yako, pale unapangia vipande, ni 1920 kwa 1080, maana yake unaweza kuongeza picha mpaka asilimia 200 bila kupoteza kitu. Ongeza kama 140 hivi usukume kalenda itoke juu ya fremu. Leso yake iko na maandishi lakini yako chini ya meza hayaonekani, sawa. Pete iko mkono wa kushoto, ukiongeza hivyo mikono inatoka kwa fremu, sawa pia. Kuna kipande kimoja tu usikitumie, pale anainua kikombe karibu na mdomo, kwa shoti ya mbali anainua na mkono wa kulia na ukigeuza itakuwa kushoto. Hapo tumia shoti ya mbali. Mwisho upunguze mwanga kidogo kwa hio klosapu, juu dirisha lilikuwa nyuma ya kamera na uso wake umeng'aa kuliko wa kijana.

Na ikitokea siku ingine umevuka laini na huwezi geuza, weka kitu katikati: birika, mikono, ama shoti umechukua ukiwa juu ya laini yenyewe, mtu anaangalia karibu moja kwa moja kwa kamera, hapo hakuna kulia wala kushoto na mtazamaji anakubali kuhamishwa. Ama kamera itembee ivuke laini tukiiona ikivuka. Kinachomsumbua mtu ni kuvushwa bila kuambiwa.

Ule mruko mwenyewe sasa, ule unafanya hata mimi niruke kwa kiti, uko dakika ya 2 na sekunde 40. Hapo umeunganisha shoti 3 za kijana, zote tripodi iko palepale, umevuta zumu kidogo tu kati ya moja na ingine. Ukikata kutoka picha moja kwenda ingine inayofanana nayo karibu kila kitu, jicho halioni shoti mpya, linaona mtu amestuka. Kawaida tunasema kamera ihame angalau digrii 30 kumzunguka mtu, ama saizi ibadilike kwa nguvu, kutoka kiunoni mpaka usoni, si kutoka kifuani mpaka kifuani kidogo. Rudi kwa ile 4K yako, shoti ya kwanza iache ilivyo, ya pili iongeze karibu 200 iwe uso tu, na ya tatu toa kabisa, haina kazi, maneno yake yawekelee juu ya uso wa mama anasikiliza. Najua utaniambia watu wa TikTok wanaruka hivyo siku nzima na hakuna anayelalamika. Wale wanaongea na sisi moja kwa moja, hakuna chumba cha kulinda, hakuna mtu wa pili wa kuangaliwa. Na Jean-Luc Godard, muongozaji wa filamu kule Ufaransa, mwaka 1960 aliruka makusudi mpaka ikawa staili, muongozaji Ozu wa Japani alivuka laini maisha yake yote ya kazi, lakini hao walijua wanachovunja na filamu nzima ikasimama juu ya hicho. Sini ya mama na mtoto wanabembelezana nauli haitaki hio, inataka tusahau kuna kamera.

Hapo kijana anasimama nakuomba ukae na fremu zako, zile picha mojamoja zinazounda video, kama lisaa hivi, ukielewa hii umeelewa nusu ya kazi yangu. Sai umemwacha asimame mpaka amesimama kabisa, halafu ukakata kwenda shoti ya mbali ameshasimama. Inaonekana kama kipande kimekatwa na makasi. Mwendo ndo unaficha mkato, jicho likifuata kitu kinachotembea halina nafasi ya kugundua umebadilisha picha. Kwa hivyo kwa klosapu tafuta ile fremu bega lake limeanza kwenda mbele na makalio yameachana na kiti, hapo hapo kata, na kwa shoti ya mbali tafuta bega likiwa palepale uunganishe. Cheza. Usiamini macho mara ya kwanza. Halafu jaribu kurudisha shoti ya mbali nyuma fremu 2 ama 3, yaani mwendo ujirudie kidogo sana, juu mtu akihama kutoka picha ya karibu kwenda ya mbali anahitaji ka-muda kadogo ajue ako wapi, na hizo fremu 2 kwa 25 kwa sekunde ni kama sehemu 8 za sekunde kwa 100, hakuna atakayeona zimerudiwa, watasikia tu imelala vizuri. Wakati mwingine ni kinyume, unatoa fremu 2. Hakuna fomyula, unacheza, unasimama, unanywa maji, unacheza tena. Mzee aliyenifundisha pale River Road tukikata muvi za CD alikuwa ananikataza kuangalia mkato nikiwa nimeusimamisha, ananiambia niangalie kutoka sekunde 10 kabla, na mpaka leo naona hilo ndo somo la maana zaidi nililowahi kupewa.

Hii akili si ya kuzaliwa nayo, watu waliitengeneza. Mwaka 1903 Edwin Porter Marekani alitoa filamu ya zimamoto akaonyesha mama na mtoto wakiokolewa, kwanza yote kutoka ndani ya chumba mpaka mwisho, halafu akairudia yote tena kutoka nje, moto uleule, ngazi ileile, mtu anaokolewa mara mbili. Baadaye ikazunguka nakala ingine ambayo mtu alikuwa ameikata upya, ndani nje ndani nje, na wasomi wakaamini kwa miaka mingi Porter ndiye alikata hivyo, mpaka nakala ya karatasi iliyowekwa kwa ajili ya hakimiliki Maktaba ya Bunge ya Marekani ikaonyesha alirudia tu. Mimi hii stori naipenda sana kwa sababu inaonyesha kwamba muda mmoja unaoendelea kutoka shoti hadi shoti ni kitu tumejenga sisi wa mkato, na kama tumekijenga basi kikibomoka tunaweza kukishika na kukirekebisha.

Haya, kikombe. Kuna edita Mmarekani anaitwa Walter Murch, mwaka 1997 alichukua Oscar 2 usiku mmoja, moja ya kuediti na ingine ya sauti. Yeye alipanga vitu 6 vya kuangalia kwa kila mkato na akavipa uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mdundo 10, jicho la mtazamaji liko wapi 7, kulia na kushoto ya skrini 5, na nafasi halisi ya chumba, nani amesimama wapi na kitu gani kiko wapi, 4. Kikombe chako kiko kwa hio 4. Usiku 3 umezitumia kwa asilimia 4, dada. Lakini sikubaliani na wale wanachukua hizo namba kama ruhusa ya kuvunja laini, kwa sababu mtu asipojua kijana anaongea na nani umepoteza hadithi na hisia pia, umeharibu mpaka vile viko juu kabisa ya ile orodha.

Na pale mahali pamoja kikombe kina maana ni dakika ya 4 na sekunde 10, mama anakasirika anagonga kikombe mezani, chai inamwagika kidogo, halafu unakata na kikombe kiko mkononi tena. Hapo siwezi kukuachia, juu sauti na mwendo zimevuta macho ya kila mtu yakakae juu ya kikombe, na sekunde hio hio umekihamisha. Kwingine kote macho yako kwa macho ya mama. Suluhisho ni baada ya kugonga usikate kwenda kwa mama, kata kwenda kwa kijana, mwache astuke, kaa naye sekunde 2 hivi, ukirudi kwa mama hakuna anayekumbuka mkono ulikuwa wapi.

Sasa kufunga macho. Nilifunga juu nilishuku nusu ya mruko haiko kwa picha, na ni kweli. Kwa shoti za kijana friji inavuma nyuma, mmmm, kwa shoti za mama friji imezima na kuna watoto wanacheza nje. Kwa hivyo kila ukikata, mvumo unakuja, unaenda, unakuja, unaenda, na mtu asiyejua atakuambia picha inaruka. Tafuta kwa klipu za kijana mahali hakuna anayeongea, hata sekunde 5 ama 6 zinatosha, zirudierudie kwa njia ya chini ya sauti uzitandaze chini ya sini yote, pamoja na shoti za mama, na viungo vyake uvilainishe. Friji ikivuma dakika zote hakuna atakayeisikia. Wale watoto pia watandaze hapa na pale hata chini ya kijana. Siku ingine kabla hamjafungua vifaa, kila mtu anyamaze kwa dakika moja urekodi chumba kikiwa kimya, na kimya cha Umoja unakijua kina boda, kina redio ya jirani, kina mtu anaita mtoto, hio yote ni mali yako.

Bado kwa sauti. Sai sauti na picha zako zinabadilika kwa pamoja kila mara, mama akifungua mdomo tunamwona, akifunga tunaenda kwa kijana, kama watu wanacheza tenisi. Tenganisha. Sauti ya mama ianze tukiwa bado kwa kijana, kama fremu 10 ama 12, ndo tumgeukie, kwa sababu hata wewe mwenyewe mtu akianza kuongea unasikia kwanza ndo unageuka. Na pale mama anasema "kwani hapa nyumbani umekosa nini?" nakusihi usimwonyeshe mama kabisa. Kaa kwa kijana. Hilo swali limejibiwa na uso wake, alimeza mate akaangalia chini, hio ndo shoti nzuri kuliko zote kwa filamu yako na umeikata katikati umwonyeshe mama akiongea! Irudishe yote.

Kuhusu mwanga sitakaa sana. Mama ulimshuti saa 4 asubuhi na kijana saa 10 jioni, na simu zote ziliachiwa zijipangie rangi zenyewe, ndo maana mmoja ni wa bluu na mwingine wa machungwa. Sogeza rangi zao zikutane katikati, usijaribu kuzifananisha kabisa. Ukishuti tena funga mwanga na rangi kwa simu, simu zote mbili ziwe fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, iwe sehemu 1 kwa 50 ya sekunde, juu stima yetu ni ya mizunguko 50 kwa sekunde na taa zitakuwa hazichezi. Na ujue tuko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta, jua linapanda juu ya kichwa haraka na jioni likiamua kuzama halikungoji, kwa hivyo maliza shoti za mbali zenye dirisha kwanza, za uso unaweza kuzifunika na pazia hata jioni. Mtu mmoja apewe kazi ya kontinuiti tu, si yule anashika maiki pia, apige picha na simu kila mwisho wa teki, yaani kila mara kamera ikizimwa, mikono iko wapi, kikombe kiko wapi, zipu imefika wapi.

Ya mwisho ni pale kijana anatoka. Anatoka mlangoni akienda kulia wa skrini, halafu shoti inayofuata ako steji ya matatu anatembea kuelekea kushoto. Nilidhani anarudi nyumbani, nikafurahi kidogo. Mtu akitoka kulia anaingia shoti ingine akitokea kushoto, safari inaendelea, na ukishika hilo unaweza kuunganisha mahali popote, muongozaji Kuleshov kule Urusi aliwahi kuunganisha watu wako Moscow na picha ya White House ya Washington wakapanda ngazi zake kama wako hapo. Mlango wa Umoja na steji ya mjini haiwezi kushinda hio. Lakini hii ya steji usijaribu kuigeuza kama ile ya mama. Nimeiangalia, kuna matatu mbili nyuma yake, zina maandishi ubavuni, na hata kama hazingekuwa nayo, mlango wa matatu yetu uko kushoto na dereva anakaa kulia, ukigeuza umehamisha mlango na dereva, na hapa Nairobi hata mtoto wa nasari atakuonyesha na kidole.

Kwa hivyo cha kushuti upya ni vitu viwili. Kijana akitembea moja kwa moja kuja kwa kamera, barabarani, mpaka afunike lenzi karibu, hio utaiweka kati ya mlango na steji na itameza ule mgeuko. Na mkono wa mama ukisukuma noti mezani kuelekea kwa kijana, kutoka upande wa jikoni, kutoka kushoto kwenda kulia, hio huna na filamu inaililia. Zote mbili ni asubuhi moja. Kijana avae ile jaketi ya kijani zipu ikiwa nusu kama ulivyoiacha mlangoni, na mama asisahau pete.